Msikate ncha ya bunduki ya hewa kwa msumeno

Ukipita gereji za Changamwe, Mombasa, mchana, kelele inayopasua masikio mara nyingi si ya injini wala nyundo. Ni bunduki ya hewa, ile ya kupulizia vumbi kwa hewa ya kompresa, iliyochomekwa kipande cha bomba la shaba kilichokatwa kwa msumeno. Mafundi wengi wanaamini hewa ikilia sana ndiyo yenye nguvu. Si kweli, na masikio yakishaharibika hayarudi.

Geji ya shinikizo la hewa ikisoma kama baa 0.9 tu, yaani psi 13, hewa imeshafikia kasi ya sauti kwenye mdomo wa bomba. Ongeza hadi baa 6: mle ndani haiendi mbio zaidi. Inatoka bado imebanwa, inatanuka nje na kuipita kasi ya sauti, inabanwa tena, inatanuka tena, mafundo yakifuatana kama shanga. Mitikisiko ya mchirizi huo wa hewa ikigonga mafundo hayo hutoa sauti, sauti hurudi mdomoni na kuutikisa mchirizi upya. Basi filimbi imejiwasha. Mdomo wa duara uliokatwa sawasawa huipa nafasi nzuri, kwa kuwa ukingo wote hutikisika kwa pamoja.

Dawa ni kuuvunja huo mchirizi. Nunua nozeli, yaani ncha ya kupulizia, ya mashimo 6 ya milimita 1 badala ya tundu moja la milimita 4. Kila mchirizi mwembamba huvuta hewa tuli ya pembeni, huchanganyika nayo na kupungua kasi mapema. Sehemu ya sauti nayo hupanda juu hadi sikio halisikii. Mashimo yakisongamana mno, michirizi huungana na umerudi ulikotoka. Tundu la milimita 4 kwa baa 6 hunywa karibu lita 1,000 za hewa kwa dakika. Yale sita hayafiki 400. Kompresa inapumzika. Kweli, msukumo unapungua, kwa hiyo sogeza bunduki karibu na kazi.

Meno kwenye ukingo wa mdomo pia huchanganya hewa, kama yale ya nyuma ya injini za Boeing 787. Lakini kuyachonga kwa tupa sishauri: yakizidi kina, yanaongeza kelele nyembamba na kula msukumo.

Tatizo la hapa pwani ni unyevu. Maji ya tangi huleta kutu, na tundu la milimita 1 huziba upesi. Fungua koki ya chini ya tangi kila jioni, weka chujio kabla ya mpira wa hewa, na nozeli ikiziba ioshe kwa mafuta ya taa. Usiitoboe kwa msumari.