Roboti ya München ikija Katuba

Huku Ujerumani mtu akishalipa tiketi ya tamthilia, ananyamaza. Hata mbele ya mashine ananyamaza. Ninasema juu ya "Unheimliches Tal" ya kundi la Rimini Protokoll, iliyoanza kuonyeshwa München mwaka 2018. Jukwaani hakuna mtu. Kuna roboti yenye sura ya mwandishi Thomas Melle, imekaa kitini, inahutubu kwa sauti ya Melle iliyorekodiwa. Uso ni wa silikoni, wa binadamu kabisa. Kisogo kiko wazi, nyaya nje. Watu wakicheka, yenyewe haingoji kicheko kiishe.

Mimi mtoto wa Lubumbashi hapo ndipo ninaposhindwa. Sisi tumelelewa na Mufwankolo, mwigizaji wa kwetu, na wenzake, waliokuwa wakipatana hadithi tu, bila maandishi ya kukariri, maneno wakayapata palepale kwa Kiswahili chetu. Ilete roboti hiyo Katuba, mtaa wa Lubumbashi: kabla haijafika mbali, mama mmoja atauliza kwa sauti, "Baba, na weye unakulaka?" Nayo itazidi kuhutubu juu ya Alan Turing, mwanahisabati wa mwanzo wa kompyuta, huku watu wanashika mbavu.

Wazungu kazi wanaijua, sibishi. Tangu R.U.R., tamthilia ya roboti ya Karel Čapek, ipande jukwaani Prague mwaka 1921 wanauliza: mashine ikiweza yote, mtu atabaki na nini? Ni swali la mtu ambaye umeme haumkatikii, lakini ni swali.

Letu linaanzia barabarani. Mwaka 2013 Kinshasa ilisimamisha njia panda roboti za kuongoza magari, kazi ya mhandisi Thérèse Izay Kirongozi na wenzake, zinazotumia umeme wa jua. Madereva walizisifu kwa nini? Haziombi kitu. Mkono ukiruhusu, unapita. Yaani chuma kikapewa heshima ambayo polisi wa nyama na damu, mwenye mshahara wa kuvizia, haipati. Tamthilia ndiyo hiyo, jamani! Nataka kumwona polisi huyo kando ya roboti, jua la saa saba, wakigombea njia panda moja. Na mzee wa Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, apite, aulize shaba ya tumboni mwa roboti ilichimbwa wapi na nani alilipwa.

Roboti yenyewe ichezwe na mtu. Wasanii wa Katuba wanaiweza bila waya hata mmoja, na mama akiuliza, atajibiwa.