Hadiza Bazoum amekosa nini?

Kila nikiitaja Niger mbele ya marafiki zangu, mazungumzo huhamia kwa Wafaransa. Jeshi lilifanya vyema, wananiambia, limewatimua wakoloni. Hasira hiyo naielewa, maana nami ninayo. Lakini askari wa mwisho wa Ufaransa aliondoka Niger Desemba 2023. Rais aliyepinduliwa na jeshi hilo, Mohamed Bazoum, na mkewe Hadiza bado wamefungiwa katika mji mkuu, Niamey, tangu Julai 26 mwaka huohuo.

Aliyewafungia ni Jenerali Abdourahamane Tiani, aliyekuwa mkuu wa kikosi kilichokuwa kikimlinda Bazoum mwenyewe, na sasa ndiye mtawala wa Niger. Siku za mwanzo walikatiwa umeme, wakabaki na wali na tambi kavu. Mtoto wao Salem, aliyekamatwa pamoja nao, aliachiwa Januari 2024 baada ya Togo kuingilia kati. Nilidhani wazazi wangefuata upesi. Nilikosea.

Kama Bazoum ana makosa, ashtakiwe hadharani, mawakili wake wakiwepo. Juni 2024 alivuliwa kinga ya kutoshtakiwa ili ajibu mashtaka ya uhaini. Hukumu iko wapi? Na Hadiza je? Yeye hakuwa rais, hakutia saini mkataba wowote na Paris. Kosa lake ni kuolewa na mtu aliyekataa kujiuzulu. Mahakama ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, iliamuru Desemba 2023 kwamba familia hiyo iachiwe. Watawala wakaipuuza, kisha wakaitoa nchi katika jumuiya yenyewe.

Yupo pia Moussa Tchangari, mtetezi wa haki za binadamu aliyechukuliwa nyumbani kwake Niamey Desemba 2024. Huyu hawezi kuitwa kibaraka wa Bazoum. Mwaka 2018 alitiwa ndani kwa kupinga sheria ya fedha, na waziri wa mambo ya ndani wakati huo alikuwa Bazoum huyohuyo! Leo utawala mmoja umewafunga wote wawili, ndiyo maana siwezi kukubali kwamba haya yanafanywa kwa ajili ya kuikomboa Niger.

Aprili 2025 wafungwa wapatao 50 waliachiwa, wakiwemo mawaziri wa zamani. Kumbe inawezekana, tena kwa siku moja. Jenerali Tiani, mwachie Tchangari. Mwachie Bazoum. Na mfungulie Hadiza mlango, akamwone mwanawe.