Gari la kale juu ya kilima: Montmartre wanalo, Tanga tulitake?

Mpwa wangu anayesoma Ufaransa alinitumia video ya dakika tatu. Amekaa kiti cha nyuma cha Citroën 2CV nyekundu, paa la turubai limekunjwa hadi kisogoni, gari linapanda mtaa wa mawe huku likilia kama cherehani iliyokosa mafuta. Dereva kavaa kofia bapa, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine unaonyesha madirisha. Kilima ni Montmartre, Paris, ambako magari ya kale kama hilo huwatembeza watalii. Chini ya video mpwa ameandika: "Mjomba, tukilianzisha hili Tanga, tutakula."

Jioni niliipeleka simu barazani Ngamiani, hapa Tanga. Kabla kikombe cha pili cha kahawa hakijaisha, watu walishagawanyika. Vijana walitaka Land Rover ya zamani ipakwe rangi wiki ijayo. Wazee wawili walisema huo ni upuuzi wa kumtembeza mzungu mbele ya nyumba za watu kama anaangalia twiga. Ninachoandika hapa kimetoka kwenye mabishano yale, na najua pande zote mbili zitasema nimezipunja.

Tuanze na kilima chenyewe, maana nusu ya ubishi ulitokana na kutokijua. Montmartre iko kaskazini mwa Paris, na kilele chake ni kama mita 130 kutoka usawa wa bahari. Hadi 1860 kilikuwa kijiji nje ya jiji, chenye mizabibu, vinu vya upepo na machimbo ya jasi. Mvinyo wa huko ulikuwa rahisi kwa sababu haukupita kwenye ushuru wa kuingia jijini, basi watu wa Paris wakawa wanaupanda mlima ili walewe kwa bei ya shamba. Baadaye wasanii wasio na kitu walifuata kodi nafuu. Van Gogh aliishi na ndugu yake mtaa wa Rue Lepic kati ya 1886 na 1888, na Picasso alichora katika jengo bovu lililoitwa Bateau-Lavoir. Lile kanisa jeupe la Sacré-Cœur unaloliona kwenye kila picha lilianza kujengwa 1875 na likakamilika 1914.

Rue Lepic hiyohiyo ina kisa kingine ambacho wapenda magari hawakisahau. Mkesha wa Krismasi wa 1898, kijana Louis Renault aliupanda mteremko wake mkali kwa kigari alichokiunda mwenyewe. Waliokuwepo hawakuamini, na usiku ule aliondoka na oda 12. Kwa hiyo gari si mgeni kwenye kilima kile. Moja ya kampuni kubwa za magari za Ufaransa ilipata wateja wake wa mwanzo palepale, kwenye mtaa unaopanda.

Na 2CV nayo ina ukoo wake. Mkuu wa Citroën, Pierre-Jules Boulanger, aliwaagiza wahandisi wake gari la wakulima: libebe watu na kilo 50 za viazi, lisizidi lita 3 za mafuta kwa kilomita 100, na lipite shamba lililolimwa likiwa na kapu la mayai bila yai kuvunjika. Vita vya pili vikalichelewesha. Lilionyeshwa Oktoba 1948, wajuaji wakalicheka, halafu wananchi wakalisubiri kwa miaka kwenye foleni. Liliendelea kutengenezwa hadi 1990. Gari la mkulima, basi, leo linampandisha mtalii kwenye kilima kilichokuwa cha wakulima. Hapo kuna mantiki, na ndiyo maana video ya mpwa haichekeshi kama ambavyo ingechekesha gari lilelile likizunguka Dubai.

Wanaolitetea wana hoja nyingine za kushikika. Kilima kina ngazi nyingi, na mwenye magoti mabovu hawezi kuziona zile nyumba za nyuma isipokuwa abebwe. Gari lenyewe ni la polepole na liko wazi, kwa hiyo abiria anasikia harufu ya mkate na sauti za watu, tofauti na basi la vioo. Dereva ni mwongozaji pia, anakujibu wewe na mwenzako, hasomi kwenye spika. Kisha kuna fundi. Kila 2CV inayozunguka Montmartre ina mtu mahali fulani anayejua karbureta yake na anayelipwa kwa kujua. Bila watalii, ujuzi ule ungeshazikwa.

Upande wa pili sasa. Mwaka 2025 baadhi ya wakazi wa Montmartre walitundika mabango kwenye madirisha yao kulalamikia wingi wa wageni. Kanisa peke yake hupokea watu zaidi ya milioni 10 kwa mwaka. Bucha linafungwa, linafunguliwa duka la sumaku za kubandika kwenye friji. Nyumba inapangishwa kwa usiku, mpangaji wa mwaka anahama. Huwezi kuyaweka yote hayo juu ya kigari chekundu. Lakini kuna jambo moja ambalo kigari hicho kinalifanya na basi haliwezi: kinaingia vichochoroni. Mji huwa na mitaa ya wageni na mitaa ya kupumulia, na kinacholinda mitaa ya kupumulia mara nyingi ni ufinyu wake tu. Gari dogo la kale linavunja ulinzi huo. Jiji la Lisbon, Ureno, ambalo nalo lina mitaa ya kale juu ya vilima, lilifika mahali likaziwekea mipaka ya saa bajaji za watalii mwaka 2015, kwa sababu watu wa Alfama walikuwa hawalali.

Na moshi. Paris ilizuia kuanzia Julai 2016 magari yaliyosajiliwa kabla ya 1997 yasiingie jijini siku za kazi mchana, kisha magari yenye hati ya gari la kale yakapewa msamaha. Mfanyakazi wa pembezoni mwenye gari bovu la miaka ishirini aambiwe abaki nyumbani, na gari la miaka sitini lenye mtalii lipite? Hoja hiyo siwezi kuijibu kwa niaba ya Wafaransa, ila inaniuma kidogo nikimfikiria jirani yangu na pikipiki yake inayokamatwa kila wiki.

Turudi nyumbani. Tatizo la kwanza nililowaambia vijana wa baraza ni kwamba Tanga haina kilima. Tuna mji uliokaa juu ya genge la bahari: ukisimama bustani ya Jamhuri unaiona bandari chini yako na kisiwa cha Toten mbele, na ukienda Bombo unakuta jengo la hospitali la Wajerumani limekaa ukingoni likitazama maji. Ukishakuwa juu, lakini, mji ni bapa kama sinia. Ndiyo maana tukawa mji wa baiskeli. Montmartre gari lina kazi, linaokoa magoti. Hapa litaokoa nini? Kijana mmoja akajibu upesi, "Jua, mzee wangu." Ni jibu zuri. Februari, saa saba mchana, kutoka stesheni ya reli hadi Raskazone kwa miguu ni adhabu. Sawa, nikampa hiyo.

Tatizo la pili ni gumu zaidi: gari gani? Hapa ndipo baraza lilipojikwaa, na hapa ndipo ninapoona mjadala mzima ulipo. 2CV inafaa kule kwa sababu ni gari ambalo babu wa mtu yeyote angeweza kulimiliki. Sisi tukitaja gari la kale, wote wanataja Land Rover. Naipenda, nchi nzima inaipenda, mliona Arusha walivyojazana na tamasha la Land Rover Oktoba 2024. Lakini kwa mtoto wa manamba wa mashamba ya mkonge, Land Rover ni gari la meneja. Ni lile lililokuja asubuhi kuhesabu mizigo ya majani. Mkonge wenyewe uliletwa 1893 na Richard Hindorf, miche 62 tu ikiwa hai kati ya elfu moja, na mji huu ulijengwa juu ya miche hiyo, na juu ya migongo iliyoivuna. Ukimpandisha mgeni juu ya Land Rover, dereva akavaa kaki, ukampitisha boma la zamani, mnara wa saa na makaburi ya vita vya Novemba 1914 ambako Waingereza walifukuzwa na Wajerumani na nyuki, umemrudishia kiti cha bwana bila hata kukusudia. Ataona Tanga ya Wajerumani na Waingereza. Yetu ataiona kwa mbali, vumbi likitulia.

Mzee mmoja, dereva mstaafu, alipinga hapo, na alipinga vizuri. Alisema Land Rover hiyohiyo ndiyo iliyomshusha mkewe mjamzito kutoka milimani Lushoto kwenye mvua ya masika, kaiendesha mwenyewe, na fundi aliyeifufua hakuwa meneja wa mtu. Gari ni la aliyeliweka barabarani miaka arobaini baada ya mzungu kuliacha, akasema. Nimelala na neno hilo siku tatu. Nadhani ana haki kuhusu gari, na mimi nina haki kuhusu kaki. Dereva akija na shati lake la kila siku na akasimulia mvua ile ya masika, Land Rover inageuka kitu kingine.

Wengine walipendekeza ile Volkswagen ya mgongo wa kobe, wengine Peugeot 404 ambazo wenye umri wetu tulisafiria tumebanana. Mmoja alitaka chai maharage, yale magari ya mizigo ya miaka ya 70 yaliyotiwa mabenchi, abiria mkatazamana kama mko mezani. Kwa raha yangu ningechagua hilo la mwisho: ndilo lililokuwa la watu wa kawaida, na kutazamana kunalazimisha mazungumzo. Kwa usalama, sijui askari wa barabarani ataliangalia kwa uso gani.

Hesabu tusizipambe. Wageni wengi wanaofika Tanga wako njiani, wanaelekea Pangani, Usambara au Pemba, na usemi wetu wa waja leo waondoka leo umekuwa kama ratiba yao. Gari la kale linaweza kuwafanya walale usiku mmoja zaidi, au linaweza kuwasaidia kuumaliza mji kwa saa mbili na kuondoka mapema. Hilo la pili ndilo linaloniogopesha. Mtu aliyetembea Ngamiani kwa miguu atakunywa chai, atanunua kitenge, atapotea kwenye barabara zenye namba na kuuliza njia. Aliyepita juu ya gari atapiga picha, na picha hailipiwi. Bagamoyo wenzetu wana kinga ya asili: vichochoro vya Mji Mkongwe vinamshusha kila mtu, na nyumba moja yenye mlango wa nakshi inamsimamisha mgeni nusu saa. Sisi mitaa yetu imenyooka, gari linapita tu.

Kwa hiyo niko upande gani? Wa kuanzisha, lakini gari liwe la kufikisha na si la kuzungusha. Limchukue mgeni stesheni, mwanzo wa reli iliyoanza kujengwa 1893, limpeleke makumbusho ya Urithi pale boma la zamani, lipite ukingoni Bombo hadi Raskazone, na kurudi limshushe mwanzo wa Ngamiani, injini izimwe. Ndani aingie kwa miguu au kwa baiskeli na kijana wa mtaa, siyo dereva, na malipo ya kijana yawe yake. Wazee wangu wawili hawakuridhika, ila mmoja aliuliza kijana huyo atalipwa kwa siku au kwa kichwa, na mtu haulizi hivyo kuhusu jambo alilolikataa.

Kesho yake nilipita gereji moja kuuliza kuhusu Land Rover iliyoegeshwa pale chini ya mwembe tangu sikumbuki lini. Fundi alifungua boneti, akatoa kiota cha ndege, akaniambia injini ni nzima, rejeta inavuja, breki za nyuma hazipo kabisa, na spea nyingine itabidi zichongwe. Nikamwambia ni kwa ajili ya watalii. Akafuta mikono, akaniuliza nani atalipia bima ya abiria kabla hajagusa spana. Swali hilo barazani hakuna aliyeliuliza. Mpwa wangu nimemtumia picha ya kile kiota, na nimemwagiza amuulize yule dereva mwenye kofia bima yake inagharimu kiasi gani kwa mwaka.