Hikaru Nakamura: Kasi Inayoonekana na Ulinzi Usioonekana

Kila Hikaru Nakamura, mchezaji wa chesi wa Marekani, anapopoteza mchezo mkubwa wa muda mrefu, hukumu ileile hurudiwa: kwamba yeye ni bingwa wa mtandaoni, hodari wa michezo ya dakika tatu na ya dakika moja, lakini mpinzani akipewa saa kadhaa za kufikiri, ujanja wake humwishia. Hukumu hiyo ina chembe ya ukweli, nami nitaifikia. Hata hivyo, wengi wanaoitoa wanautazama mkono wake unavyokwenda mbio na kusahau kuutazama ubao, na ndiyo maana wanakosea kuhusu kile hasa anachokifanya vizuri.

Kile anachokifanya vizuri kuliko karibu wachezaji wote wa kizazi chake ni kujilinda. Sizungumzii ulinzi wa kujikunyata na kungoja, bali ule wa kumfanya mwenye ushindi mkononi atoke jasho kwa kila hatua. Chukua hali ambayo kila anayemfuatilia mtandaoni ameiona mara nyingi. Imebaki ngome kwa ngome, yeye amepungukiwa kitunda kimoja, mpinzani ana sekunde kumi na mbili naye ana tisa. Wengi wetu hapo huirudisha ngome nyuma ilinde kitunda kilicho hatarini, na kuanzia hapo tunabaki kungoja kumalizwa. Nakamura hukiachia kitunda hicho kiliwe. Ngome yake huenda kukaa nyuma ya vitunda vya adui, mfalme wake husogea kuelekea katikati ya ubao, na kila hatua inayofuata humtaka mpinzani ajibu kitu: mara cheki ya pembeni, mara kitunda kinachotishiwa, mara njia ya mfalme iliyozibwa. Hakuna hata moja kati ya hatua hizo iliyo ya ajabu. Injini, yaani programu ya kompyuta inayocheza chesi, ingesema bado anapoteza. Lakini mpinzani analazimika kupata majibu sahihi saba au nane mfululizo, na kila jibu linakula sekunde moja. Saa yake inapoisha, watazamaji husema amenyang'anywa ushindi kwa kasi ya vidole. Kwa kweli amenyang'anywa kwa sababu tangu kitunda kile kilipoachwa kiliwe hakupata tena hata hatua moja ya kupumzika.

Uvumilivu huo ni wa zamani. Mwaka 2008, kwenye tovuti ya Internet Chess Club, Nakamura alicheza mchezo wa dakika tatu dhidi ya Rybka, injini iliyokuwa ikiogopwa na kila mtu wakati ule. Aliufunga ubao kwa safu ya vitunda vilivyokabana uso kwa uso, kisha akaanza kusogeza vipande mbele na nyuma bila haraka yoyote. Rybka ilijihesabu kuwa iko mbele na haikutaka kukubali sare ya hatua hamsini, ile inayokuja hatua hamsini zikipita bila kitunda kusogezwa wala kipande kuliwa, ikaamua kuufungua mchezo kwa gharama yake yenyewe, na mwishowe ikapoteza katika mchezo uliofika hatua 271. Watu huusimulia mchezo huo kama kichekesho cha mtandaoni. Mimi huuona kama ushahidi wa mtu aliyeelewa, akiwa na dakika tatu tu, kwamba mashine ile ilikuwa na udhaifu mmoja, kisha akausubiri kwa hatua zaidi ya mia mbili bila kuteleza.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa uzito wake hata kidogo. Mwishoni mwa 2019 kiwango cha Nakamura katika michezo ya muda mrefu kilikuwa kimeshuka hadi pointi 2736. Likaja janga la UVIKO-19, naye akahamia karibu kabisa mtandaoni: akarusha michezo yake mubashara kwa maelfu ya watazamaji, akacheza Titled Tuesday, shindano la mtandaoni la kila Jumanne lenye raundi kumi na moja za dakika tatu tatu, akachukua ubingwa wa Speed Chess, mashindano ya mtandaoni ya michezo ya haraka, mwaka baada ya mwaka. Kwa zaidi ya miaka miwili hakucheza mchezo hata mmoja wa muda mrefu ubaoni, na ile 2736 ikaganda kwenye orodha. Mwaka 2022 rais wa FIDE, shirikisho la chesi duniani, alimpa nafasi ya upendeleo katika mfululizo wa mashindano ya Grand Prix, na wengi walinung'unika kwamba nafasi hiyo imetolewa kwa ajili ya umaarufu tu. Alikuwa na umri wa miaka 34, umri ambao wachezaji wengi wa daraja la juu huwa wameanza kushuka. Alifika Berlin mwezi Februari na kuishinda duru hiyo kwa kumfunga Levon Aronian katika fainali, akamaliza akiongoza mfululizo mzima, na akafuzu Mashindano ya Watahiniwa, yale yanayomtoa mpinzani wa bingwa wa dunia. Mwaka uliofuata alitwaa shindano la Norway Chess kwa kumfunga Fabiano Caruana katika raundi ya mwisho. Kufikia mwanzoni mwa 2025 alikuwa amevuka tena pointi 2800 na kushika nafasi ya pili duniani.

Nimeirudia 2736 hiyo akilini mara nyingi. Kama michezo ya haraka ingekuwa inaharibu fikra, kama inavyodaiwa, basi miaka miwili ya kucheza hiyo peke yake ingepaswa kumrudisha ubaoni akiwa dhaifu kuliko alivyoondoka. Alirudi akiwa na nguvu zaidi. Inawezekana kwamba mapumziko yenyewe ndiyo yaliyomsaidia, na kwamba mtu ambaye mapato yake hayategemei tena zawadi za mashindano hucheza bila hofu. Yeye mwenyewe amesema mara nyingi kwamba utangazaji ndio kazi yake kuu. Ninalikubali hilo kama sehemu ya maelezo, lakini halitoshi. Kutoogopa hakumfundishi mtu kushikilia mchezo mbovu wa ngome kwa saa tano, na katika miaka ile, usiku baada ya usiku, hicho ndicho alichokuwa akikifanya: kuingia katika maelfu ya hali mbovu na kutafuta njia ya kutokea. Dakika zilikuwa chache, lakini hali zenyewe zilikuwa zilezile anazokutana nazo katika mchezo wa saa sita.

Wanaomkosoa wana hoja zao, na iliyo nzito kuliko zote ni ya historia. Kilele chake cha pointi 2816 alikifikia Oktoba 2015, kabla maisha yake hayajahamia mtandaoni. Kwa hesabu hiyo mtandao ulimrejesha karibu na pale alipokuwa, haukumpandisha juu zaidi. Vilevile kuna rekodi yake dhidi ya Magnus Carlsen, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo. Ilimchukua hadi Bilbao 2016 kupata ushindi wake wa kwanza dhidi yake katika mchezo wa muda mrefu, na miaka miwili kabla ya hapo, kule Zurich, aliupata mchezo wa kushinda kabisa dhidi ya Carlsen kisha akaupoteza. Mtu anayejua kuponyoka si lazima awe anajua pia kushika, yaani kuumalizia ushindi alio nao. Hizo ni kazi mbili tofauti, na mtandaoni ya pili haipimwi sana, kwa sababu saa ya mpinzani mara nyingi huimaliza kabla ya mwenye faida kutakiwa kuonyesha njia.

Kisha kuna Madrid na Toronto. Katika Mashindano ya Watahiniwa ya 2022 huko Madrid, Nakamura aliingia raundi ya mwisho akiwa na pointi saba na nusu dhidi ya Ding Liren mwenye saba. Sare ingempa nafasi ya pili, lakini alipoteza. Wiki mbili hivi baadaye Carlsen alitangaza kwamba hatautetea ubingwa wake, Ding, aliyemshinda Nakamura na kushika nafasi hiyo ya pili, akapata nafasi ya kucheza fainali, na mwaka 2023 huko Astana akawa bingwa wa dunia. Mashindano yaleyale ya 2024, huko Toronto, yaliuma kwa namna nyingine. Nakamura alipoteza michezo miwili tu kati ya kumi na minne, yote miwili mbele ya mtu mmoja, Vidit Gujrathi wa India, ambaye katika raundi ya pili alimtoa askofu wake sadaka mbele ya mfalme wa Nakamura kwa mpango aliokuja nao kutoka nyumbani. Nakamura alimaliza na pointi nane na nusu. Gukesh, kijana wa India, alishinda kwa tisa. Sare mbili dhidi ya Vidit zingempa Nakamura tisa na nusu, mambo mengine yakibaki yalivyokuwa.

Hapa wakosoaji husema saa ndefu imemfichua. Mimi nikiitazama michezo ile naona jambo jembamba zaidi, na linalotibika. Mpango wa Vidit ulimkuta katika ufunguzi, mahali ambapo ulinzi wake haujapata muda wa kuanza kazi. Mchezaji anayetegemea uzoefu mkubwa wa katikati na mwisho wa mchezo huwa na kishawishi cha kupita ufunguzi haraka, akiamini kwamba lolote litakalotokea atalimudu huko mbele. Mtandaoni imani hiyo hulipa, kwa sababu hakuna anayeleta maandalizi ya wiki tatu kwenye mchezo wa dakika tatu. Katika Mashindano ya Watahiniwa kila mtu huja nayo. Kwa hiyo jambo la kwanza la kurekebisha ni dogo kwa kulitaja na zito kwa kulitenda: katika hatua kumi na tano za mwanzo atumie muda anaopewa, hasa mpinzani anapocheza haraka na kwa utulivu usio wa kawaida, kwani utulivu huo ndio dalili ya mpango uliotoka nyumbani.

La pili linanigusa zaidi, maana linahusu alichokiacha. Nakamura wa ujana alikuwa mchezaji wa moto. Katika Mashindano ya Timu za Dunia ya 2010 huko Bursa, akiwa na weusi dhidi ya Boris Gelfand, alicheza Ulinzi wa Kihindi wa Mfalme: mweupe akivunja upande wa malkia, mweusi akisukuma vitunda moja kwa moja kuelekea kwa mfalme wa adui, kila mmoja akijua kwamba atakayechelewa hatua moja atakufa. Alishinda kwa kutoa sadaka baada ya sadaka. Miaka iliyofuata aliuweka ufunguzi huo kando na kujenga chesi ya uhakika, yenye hatari chache, na uhakika huo umemlipa vizuri katika pointi za kiwango. Lakini raundi ya mwisho ya Toronto alikuwa na weupe dhidi ya Gukesh, na ushindi pekee ndio ungemfaa. Mchezo ulikwenda zaidi ya hatua sabini, na kwa sehemu kubwa ya safari hiyo Gukesh hakuonekana mtu aliye hatarini. Ulikuwa mchezo mzuri wa mtu asiyetaka kupoteza, uliochezwa siku ambayo kutopoteza hakukuwa na faida yoyote kwake.

Ninaamini uwezo wa Bursa bado anao, maana mtandaoni huutoa mara kwa mara: hufungua ubao, hutoa ngome kwa kipande kidogo, humfuata mfalme wa mpinzani kwa furaha inayoonekana wazi usoni pake. Huko kupoteza mchezo mmoja humgharimu dakika tatu tu, na raundi nyingine inaanza. Ningependa kumwona akiketi katika raundi ya kumi na nne ya Mashindano ya Watahiniwa, akihitaji ushindi, na kucheza ufunguzi ambao angeuchagua Jumanne yoyote.