Kabla ya Mjeledi, Pumua

Jumamosi iliyopita nilisimama kwenye uzio wa uwanja wa mazoezi nikimtazama binti wa miaka kama kumi na miwili akifundishwa kupanda farasi, na donge nililoondoka nalo bado halijanishuka. Farasi hakuwa anatulia. Kila akifika kona ya mbali anainua shingo, anakaza mgongo, anaharakisha. Mwalimu anapaza sauti: "Tulia! Shusha visigino! Nimesema tulia!" Mwishowe akamkabidhi mtoto mjeledi. "Mwonyeshe mkubwa ni nani."

Mimi nilikuwa namtazama yule binti kifuani. Akikaribia kona, pumzi inakatika. Mabega yanapanda hadi masikioni, midomo inabanwa, magoti yanaling'ang'ania tandiko. Akishapita ndipo anahema, na farasi naye anashusha shingo. Nilihesabu mizunguko minne, yote minne ikawa vilevile. Mwalimu aliona farasi mkaidi. Mimi niliona viumbe wawili wanaoambukizana hofu, na mmoja wao sasa amepewa fimbo ya kumchapia mwenzake.

Sijapata kuona mtu aliyetulia kwa kuamriwa atulie. Ukiambiwa ushushe kisigino, unajua cha kufanya na kifundo cha mguu. Ukiambiwa utulie, unaanzia wapi? Moyo hauamrishwi, wala jasho la viganja. Pumzi ndiyo inayojiendesha yenyewe na bado inakubali kuongozwa. Ukiirefusha ile inayotoka, neva ya vagasi, ile inayotoka kwenye ubongo hadi moyoni, hupunguza kasi ya moyo, na hilo mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kulifanya akiwa juu ya farasi, leo hii, bila kifaa chochote.

Nataka hili lieleweke vizuri, kwa sababu wengi wanalichukulia kama mambo ya kujifariji. Kiwambo, ule msuli unaovuta pumzi, kimejishikiza kwenye pingili za kiuno. Hapohapo ndipo unapoanzia msuli mrefu uitwao soasi, unaopita ndani ya nyonga na kushuka hadi kwenye mfupa wa paja. Jaribu sasa hivi ukiwa umekaa: zuia pumzi kwa nguvu, kama mtu aliyeshtuliwa, usikie kiuno kinavyokuwa kigumu. Juu ya farasi ugumu huo hauishii kiunoni. Nyonga zinafunga, mapaja yanabana, makalio yanainuka kutoka kwenye tandiko, na mikono inatafuta pa kujishikilia, inaipata hatamu. Farasi anaambiwa na miguu aende, anaambiwa na lijamu, kile chuma cha mdomoni, asimame. Anababaika, kisha anachapwa kwa kubabaika.

Na anayapata yote hayo. Ngozi yake inamsikia nzi akitua; atakosaje kusikia kiuno cha mtu kikikakamaa mgongoni mwake? Huyu ni mnyama wa kuwindwa, ameishi kundini kwa kusoma mwili wa jirani: mmoja akishtuka, wote mbio. Mwaka 2009 watafiti wa Uswidi walichapisha jaribio ambalo sichoki kulisimulia. Watu waliwaongoza au kuwapanda farasi kwenye njia ileile mara nne, na kabla ya safari ya mwisho wakaambiwa kwamba mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Mwavuli haukufunguliwa. Hata hivyo mapigo ya moyo ya watu yalipanda, na ya farasi yakapanda pia, ingawa farasi hakuambiwa habari ya mwavuli wowote. Kona ya yule binti ni mwavuli uleule.

Nakubali, pumzi haitibu kila kitu. Tandiko lisilokaa sawa linaumiza hata ukipumua namna gani. Meno mabovu ya farasi vilevile. Na farasi akiisha kutimka, hatamu ina kazi yake. Lakini haya hayahalalishi mjeledi kuwa jambo la kwanza kufikiriwa.

Mimi huanzia chini. Dakika kumi kabla ya kupanda nasimama magoti yamelegea, nahamisha uzito polepole kutoka mguu huu kwenda ule, kama wafanyavyo watu wa tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole, mpaka nisikie nyonga zimefunguka. Kisha nazungusha kiuno kidogo sana, taratibu sana. Moshe Feldenkrais, mwalimu wa mijongeo ya mwili, alifundisha hivyo: mjongeo ukiwa mdogo na wa polepole, mwili unapata nafasi ya kujigundua. Nikishapanda, kwa mwendo wa matembezi, nahesabu hatua za farasi: navuta kwa hatua nne, natoa kwa sita. Silazimishi, maana pumzi ya kulazimisha hujaa kifuani na kuinua mabega, ukarudi palepale. Macho nayaacha yaone uwanja mzima badala ya kuyakaza kati ya masikio ya farasi. Hilo la macho nimelipata katika mafundisho ya Sally Swift, mwalimu Mmarekani wa kupanda farasi aliyeishi na uti wa mgongo uliopinda tangu utotoni na kwa sababu hiyo akalazimika kuujua mwili wake kwa undani. Nikitaka farasi apunguze mwendo, natoa pumzi ndefu na kuacha uzito uzame. Farasi jike ninayempanda siku hizi, ambaye zamani nilimvuta lijamu mpaka viganja vikachubuka, sasa husimama kabla sijagusa hatamu.

Na fikiria shoti, mbio za farasi za kasi kabisa. Farasi anapokwenda shoti, pumzi yake hufungamana na hatua: hatua moja, pumzi moja. Sisi tunakaa juu ya mnyama ambaye kukimbia kwake na kupumua kwake ni kitu kimoja, halafu tunazuia pumzi yetu uwanja mzima.

Baada ya somo nilimkuta binti akimsugua farasi shingo. Nikamwomba aweke kiganja ubavuni mwa farasi, asikie mbavu zikipanda na kushuka, kisha apumue naye bila haraka. Farasi alishusha kichwa, akapiga chafya. Binti akaniuliza, "Hii inaruhusiwa hata nikiwa juu?"

Nimemwandikia mwalimu wake ujumbe kuomba dakika kumi za mwanzo za Jumamosi ijayo, mjeledi ubaki umetundikwa. Hajanijibu bado. Nitakuwa pale uzioni.