Bei ya Samadi Mwisho wa Kaskazi

Leo asubuhi nimetajiwa bei ya samadi ya punda, tena hapa hapa Lamu, na mpaka wakati huu moyo wangu haujatulia. Naomba nieleweke kwamba mimi si bahili. Ni mtu mzima mwenye kitambulisho, mke, na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ambacho kila mwaka, kaskazi ikielekea kwisha, nakitayarisha kwa ajili ya masika. Lakini katika mji ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na ambao vichochoro vyake hupitwa na punda kuanzia alfajiri hadi usiku, bidhaa hii nimeikanyaga bure tangu nilipojifunza kutembea. Nimeikanyaga nikienda sokoni, nimeikanyaga nikienda harusini, nimeikanyaga nikiwa ndani ya kanzu ya Idi, na hakuna aliyewahi kunidai chochote. Juma hili nimeihitaji, nayo imekuwa mali.

Kuacha haiwezekani. Mchanga wetu haushiki maji wala rutuba, na mvua za Aprili na Mei zikiukuta mtupu, kila ulichokusudia kukila utakisindikiza kwa macho kikielekea baharini.

Mchunga punda, kijana wa heshima, alibisha hodi, akanipa shikamoo iliyokamilika, kisha akataja shilingi 300 kwa gunia. Nikamwuliza kama punda mwenyewe yumo ndani.

"Hapana, ami," akajibu kwa upole, "lakini hii ni ya zamani, imeshaiva."

Nikafungua gunia. Mvuke ukanipanda usoni, miwani ikaingia ukungu, na nilipoifuta nikaona, katikati ya hiyo samadi ya zamani, vipande vya majani ambavyo bado vilikuwa na rangi yake ya kijani. Nikamweleza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa, kwamba samadi mbichi huunguza mizizi ya miche. Kwamba sharti irundikwe, inyunyiziwe maji, ifunikwe na kupinduliwa kwa miezi kadhaa hadi joto lake liue mbegu za magugu. Kwa kuwa tumbo la punda halisagi mbegu vizuri kama la ng'ombe, na kile anachookota jalalani leo ndicho kitakachochipua kwenye tuta langu kesho. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho. Kisha akasema kwamba kama nataka iliyopoa anayo pia, ila hiyo ni shilingi 500, kwa sababu imekaa kwake muda mrefu na imemzibia nafasi.

Nafasi! Yaani kinyesi kimepanga nyumba, na kodi yake nimelimbikiziwa mimi.

Tulipokuwa katika mjadala huo wa kiuchumi, punda, ambaye hakuna aliyemwomba maoni, aliingiza shingo chini ya kivuli cha makuti na kuanza kula mchicha nilioulea kwa ndoo kiangazi kizima. Nilipiga ukelele ambao haufanani na umri wangu. Kijana alimvuta kwa utaratibu wa mtu asiye na haraka, na nilipomdai fidia alinitazama kwa mshangao wa dhati.

"Lakini ami, si ataurudisha?"

Nikamwuliza atakapourudisha utauzwa shilingi ngapi. Akaanza kufikiri! Na Mungu ni shahidi yangu, punda hakutaka kumchosha bwana wake kwa hesabu, kwa maana alilipa sehemu ya deni pale pale mlangoni pangu. Nami sijawahi kuona kijana wa siku hizi akiinama kwa wepesi namna ile. Aliizoa yote, akaitia guniani, gunia lile lile, akafunga mdomo wake kwa kamba. Mlangoni kwangu! Mchicha wangu! Kutoka ndani mke wangu akaniambia nilipe, watu wanasikia. Nikalipa.

Hayo mengine ni madogo. Ndago sitaizungumzia, kwa kuwa kila aliyewahi kuing'oa anajua kwamba huko chini viazi vyake vimeungana kwa nyuzi, na kukata uzi mmoja ni kuwaamsha wote. Kisima nacho kinataka adabu, kwani maji yake matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi, na ukiyavuta kwa pupa mwezi wa Machi utaimwagilia miche yako bahari. Kunguru wanangoja nipande. Mpwa wangu aliyeko Uingereza, ambako wakati huu watu wanaotesha nyanya dirishani, ameniletea mbegu ambazo pakiti yake inaagiza miche itolewe nje pindi hatari ya sakitu, yaani baridi ya kugandisha umande, itakapokwisha. Hapa Lamu hatari hiyo haijaanza, kwa hiyo sijui kama nimechelewa au nimewahi.

Mzee jirani yangu hahitaji pakiti. Yeye huhesabu miongo, siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, na kwa hesabu yake mvua iko njiani, ijapokuwa simu ya mwanangu inaonyesha jua tupu. Nilipomwuliza nifuate lipi, alinishauri nitifue ardhi upesi. Ushauri ni mzuri, isipokuwa jembe langu liko kwake tangu vuli. Mpini umevunjika, na kwa uungwana wake hawezi kumrudishia mtu kitu kibovu, kwa hiyo anamngoja fundi wa kuuchonga mwingine. Fundi amekwenda Faza kwenye harusi, na harusi yenyewe, kwa habari zilizonifikia jana, imeahirishwa.