Jina la mama liandikwe kwenye hati

Baba yangu mdogo alizikwa Rungwe siku ya mvua. Tulipoanua matanga, wakubwa wa ukoo wakakaa kikao pembeni ya migomba, nyuma ya nyumba. Mama mdogo hakuitwa. Alikuwa jikoni akichemsha chai ya wajumbe, na kilichokuwa kinajadiliwa ni shamba alilolilima miaka 22.

Lilikuwa ekari mbili na kitu. Enzi za migomba na kahawa kidogo, hakuna ndugu aliyewahi kuulizia mpaka wake. Kisha wakapanda parachichi, zile za Hass, zikaanza kuzaa, magari ya wanunuzi yakawa yanafika hadi barabara ya chini. Hapo ndipo tulipoanza kusikia neno "ardhi ya ukoo". Mufindi na Njombe nimeyaona hayohayo kwenye paini: miti ikikaribia kuvunwa, mjane anaanza kuulizwa yeye ni nani kwenye ukoo ule.

Nikiulizwa haki za binadamu zimefika wapi nchini kwetu Tanzania, naanzia kwenye kikao kile. Uchaguzi na uhuru wa magazeti ni mambo mazito, na wapo wanaoyaandika vizuri kuliko mimi. Ila kwa mwanamke wa kijijini huku Nyanda za Juu Kusini, haki inapimwa kwa swali moja: mume akifa, utalala wapi na utalima wapi?

Kwenye vitabu tumepiga hatua, tena kubwa. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, ilisema kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba Holaria Pastory wa Kagera ana haki ya kuuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, sawa na mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mwenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi.

Pembeni ya hayo yote kuna tamko la sheria za kimila la mwaka 1963. Linasema mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga, mafundi cherehani waliotolewa majumbani mwao na wakwe, walilipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kwamba lina ubaguzi, ila ikakataa kulifuta. Mwaka 2010 rufaa yao ikatupwa kwa kasoro ya tarehe kwenye nyaraka. Wakaenda hadi kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake, ambayo mwaka 2015 iliitaka serikali yetu irekebishe sheria hiyo. Kesi ya miaka yote hiyo, na mwanamke anahitaji kupanda mahindi Novemba hii!

Mama mdogo alianzia baraza la kata, ambalo tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Usuluhishi ukashindikana. Akaenda mahakama ya mwanzo kwa shauri la mirathi. Nauli ya kwenda Tukuyu, kurudi, shauri kuahirishwa, kwenda tena. Mwisho alibaki na nyumba na kipande cha shamba kisichofika ekari. Miche mizuri zaidi ilikuwa upande mwingine.

Jirani yake alifiwa mwaka uleule. Mashemeji walipofika na madai yao, mtendaji wa kijiji alifungua masjala ya ardhi, akatoa nakala ya hati ya kimila, ile ya kumiliki ardhi ya kijiji. Majina mawili, la mume na la mke. Kikao kikaisha kabla chai haijapoa. Hati ya baba mdogo ilikuwa na jina moja tu, kwa sababu siku wapimaji walipopita mama mdogo alikuwa amempeleka mtoto kliniki, na hakuna aliyejisumbua kuuliza kama mwenye shamba ana mke.

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Mpimaji asijaze fomu ya jina moja kwa mtu mwenye ndoa, na halmashauri ya kijiji isiipitishe. Iringa Vijijini mashamba yalipimwa kijiji kwa kijiji, kwa simu za mkononi, na majina ya wanawake yakaingia kwa wingi. Kwa hiyo tusiambiwe haiwezekani. Na huku kwetu wajane ni wengi, wengine bado vijana: Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa iliyoongoza kwa maambukizi ya VVU katika utafiti wa 2022-2023, Njombe ikiwa na asilimia 12.7.

Baba mkubwa aliniambia hofu yake waziwazi: mjane akiolewa tena, ardhi itahamia ukoo mwingine. Namheshimu, na hofu hiyo naielewa. Lakini watoto wa mama mdogo ni wa ukoo wetu, wanabeba jina letu. Na mgane akioa tena hakuna kikao kinachoitishwa.

Mwezi uliopita kitongoji cha wazazi wangu kilifikiwa na wapimaji. Nilipanda basi kutoka jijini alfajiri ili niwepo. Baba alisaini. Mama, ambaye hakusoma, aliweka dole gumba, kisha akamwomba mtendaji amsomee jina lake. Mtendaji akalisoma. Mama akasema, "Rudia tena, mwanangu."